Mashine ya kupimia sukari nyumbani kwa mzazi anayeiogopa sukari kupita kiasi

Mashine ndogo ya kupimia sukari ya damu hununuliwa zaidi na wagonjwa wa kisukari, na mapitio mengi huandikwa kwa ajili yao. Mimi naipitia kwa kazi nyingine, yaani kumsaidia mzazi mzee ambaye hana ugonjwa huo lakini ameiogopa sukari hadi woga wenyewe umeanza kumdhoofisha. Kwa kazi hiyo naikubali, ila kwa sharti moja ambalo halimo katika karatasi ya maelekezo: itumike kwa muda mfupi, kwa mpango uliowekwa pamoja na mtaalamu wa lishe, kisha ifungiwe kabatini. Bila sharti hilo ningemshauri mtu asiinunue kabisa.

Mama yetu alianza kwa kuacha sukari ya chai, jambo ambalo hakuna mtu angelilalamikia. Baadaye akaacha matunda kwa kuwa ni matamu, akaacha maziwa baada ya kusikia kwamba nayo yana sukari, na kila pakiti iliyoingia nyumbani ikawa lazima isomwe maandishi yake yote kabla haijafunguliwa. Wakati huohuo aliendelea na sahani iliyojaa wanga, kwa sababu wanga hauna utamu mdomoni, na asali aliilamba bila wasiwasi kwa kuwa aliihesabu kuwa dawa. Alipungua, nguo zikampwaya, na daktari alipompima hakuona kisukari: kipimo cha HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili hadi mitatu, kilikuwa chini sana ya asilimia 6.5 inayotumika kutambua ugonjwa. Majibu hayo hayakumtuliza. Alikuwa amemuuguza dada yake aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari, na mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake hatulizwi na tarakimu iliyoandikwa na mtu asiyemjua katika chumba asichokiona.

Hapo ndipo mashine inapokuwa na nafasi yake, kwa kuwa jibu linatoka kwenye kidole chake mwenyewe na analiona likitokea. Stripu ya kupimia, yaani kipande chembamba kinachopokea tone la damu, ina kimeng'enya kinachokutana na glukosi, yaani sukari ya damu, na kuzalisha mkondo mdogo wa umeme, nao mkondo huo ndio unaogeuzwa kuwa tarakimu kwenye kioo baada ya sekunde chache. Tone linalohitajika ni dogo sana. Kalamu ya kuchomea inaweza kupunguzwa kina chake, na kuchoma ubavuni mwa ncha ya kidole kunauma kidogo kuliko katikati. Tarakimu za mashine tuliyotumia ni kubwa na kioo kinawaka, hivyo mama aliweza kuisoma bila miwani. Kasoro yake kwa mtu wa umri huo ni stripu zenyewe: ni nyembamba, zinateleza, na tundu la kuziingizia ni finyu kwa mikono inayotetemeka, kwa hiyo ni lazima awepo mtu wa kumsaidia. Kwa maoni yangu hilo nalo ni la heri, maana kipimo hiki hakifai kufanywa na mzee mwenye woga akiwa peke yake.

Jambo lililomfundisha mama zaidi ya maelezo yetu yote lilitokea baada ya kumenya chungwa. Alijichoma bila kunawa, na mashine, ambayo hutoa majibu kwa mmol/L (milimoli kwa lita), ikasoma 11.4. Uso ulimbadilika papo hapo, akaanza kuuliza kama aitiwe daktari. Tulimwomba anawe kwa maji na sabuni, ajifute hadi vidole vikauke kabisa, kisha achome kidole kingine, ikasoma 5.8. Aliiangalia mikono yake kwa muda, akauliza, “Kwa hiyo mwanangu, sukari ilikuwa kwenye ngozi, si kwenye damu?” Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akitukumbusha kunawa, na kwa mara ya kwanza akaanza kuuliza tarakimu imetoka wapi kabla ya kuiogopa.

Usahihi wa mashine unapaswa kuelezwa kwa mzazi mapema, kabla hajauona mwenyewe na kutishika. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha mwaka 2013 kinataka angalau asilimia 95 ya vipimo visitofautiane na vya maabara kwa zaidi ya asilimia 15 pale sukari inapokuwa karibu 5.6 au zaidi. Maana yake ni kwamba damu ambayo maabara inaipa 6.0, mashine inaweza kuisoma 5.1 au 6.9 na bado ikahesabiwa kuwa nzima. Mama alipojua hivyo aliacha kuhangaikia tofauti ndogo kati ya jana na leo. Hakikisheni pia mnajua vipimo vinatolewa kwa mmol/L au kwa mg/dL (miligramu kwa desilita), kwa sababu 5.8 ya mashine moja ni takriban 104 ya nyingine, na mzee anayesikia jirani akitaja 104 huku yeye akiwa na 5.8 anaweza kukosa usingizi bila sababu yoyote.

Mtaalamu wa lishe ndiye aliyeipa mashine kazi ya maana. Alimtaka mama apime kabla ya kula na tena baada ya saa mbili, kwa milo michache aliyoichagua mwenyewe, na akamweleza kwamba kwa mtu asiye na kisukari sukari kwa kawaida hurudi chini ya 7.8 ndani ya muda huo. Tunda zima, ambalo mama alilila kana kwamba anakunywa sumu, lilimpandisha kidogo tu. Sahani yake ya kila siku ya wanga mtupu ndiyo iliyompandisha zaidi, ingawa nayo haikuvuka mpaka. Nilishukuru jinsi mtaalamu yule alivyolieleza jambo hilo kwa upole, bila kuupeleka woga wa mama kutoka kwenye tunda hadi kwenye wanga: alimwambia kwamba wanga humeng'enywa na kuwa glukosi, kwamba ubongo wake unaitegemea glukosi hiyo, na kwamba hata asipokula chochote kitamu ini lake litaitengeneza. Akampunguzia wanga kwa kiasi, akamrudishia maziwa na matunda, na akamwongezea vyakula vya protini, ambavyo mzee anayepungua uzito anavihitaji kuliko kijana.

Alimwonyesha pia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015, unaozungumzia sukari inayoongezwa kwenye chakula pamoja na ile ya asali na juisi, wala si ile iliyomo ndani ya tunda zima au maziwa. Mwongozo unashauri sukari hiyo isifike asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000, hizo ni gramu 50 na gramu 25, au takriban vijiko 12 na 6 vya chai. Mama alishangaa kuona kwamba asali aliyoiamini imo katika hesabu na chungwa alilolikimbia halimo.

Hatari ya mashine hii ni kwamba inaweza kuulisha woga uleule ambao mashine ilinunuliwa kuutibu. Mama alipotaka kupima kila alipohisi kizunguzungu, kila baada ya chai na hata usiku wa manane, ilitubidi turudi kwenye mpango wa mtaalamu na kushikilia saa alizoziweka. Kwa mzazi anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi maelezo yangu yote yanabadilika. Yeye anahitaji mashine kwa usalama wake, na kuiogopa sukari kunaweza kumdhuru, kwa sababu inaposhuka chini ya 3.9 akaanza kutetemeka, kutoka jasho au kuchanganyikiwa, gramu 15 za sukari ya haraka ndizo tiba, kisha apimwe tena baada ya dakika 15.

Anayenunua aangalie kwanza upatikanaji wa stripu, kwa kuwa mashine isiyo na stripu haina kazi na stripu za aina moja haziingii kwenye nyingine. Asome tarehe ya mwisho wa matumizi, afunge kopo mara tu anapotoa stripu moja kwa sababu unyevu na joto huziharibu, na sindano za kuchomea zisitumiwe na watu wawili. Siku mzazi atakapotolewa damu maabara, aende na mashine yake apime papo hapo kabla hajala, kisha alinganishe na majibu yatakayotoka.