Uzoefu wangu na kigongeo cha mlango cha Kichina kisicho na sura ya mnyama

Ukiulizia kigongeo cha mlango cha Kichina, muuzaji atakutolea kichwa cha mnyama kilichong'ata pete, macho yamemtoka na meno yako nje. Ni kizuri, sikatai. Lakini mimi, katika duka dogo la vifaa vya milango Beijing, nilichagua aina nyingine: menbo. Ni bamba la shaba ya manjano lenye pembe sita, limetuna katikati kama toazi, na mbele yake kinaning'inia kipande chenye umbo la jani. Kwenye mlango wangu wa mninga kimekaa kama kilizaliwa hapo.

Sababu yangu ni hii. Zamani mlango wa China ulikutajia cheo cha mwenye nyumba kabla hujabisha. Kanuni za utawala wa Ming za mwaka 1393 zilipanga kila kitu: maofisa wa daraja la 1 na la 2, mlango wa kijani na pete za bati zenye sura ya mnyama, daraja la 3 hadi la 5, mlango mweusi na pete za bati zisizo na sura, daraja la 6 hadi la 9, pete za chuma basi. Raia wa kawaida alitundika menbo, na ukipita vichochoro vya zamani vya Beijing bado utaziona, shaba imeng'aa pale zilipopita mikono ya watu. Mimi si ofisa wa mfalme. Nilitaka kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya nyumba kama yangu.

Huyo mnyama naye ana habari zake. Wengi humwita Jiaotu, mmoja wa watoto 9 wa joka, anayependa kujifungia na kuchukia wageni. Kuna hadithi kwamba Lu Ban, fundi ambaye maseremala wa China humheshimu kama babu yao, alimwona kiumbe akichungulia kutoka kwenye gamba lake, akamchora kwa siri kwa kidole cha mguu. Kiumbe alipogundua akajifunga, asifungue tena. Umbo lake likawekwa milangoni ili nyumba nayo ifungike hivyo hivyo. Desturi yenyewe ni ya kale kuliko Ming: mwaka 1975, karibu na kaburi la Mfalme Wu wa utawala wa Han, uliotangulia Ming kwa zaidi ya miaka elfu moja, lilipatikana bamba la jiwe la jade lenye sura ya mnyama, uzito wake zaidi ya kilo 10.

Tuje kwenye matumizi. Sauti ni kavu na kali, ngo ngo ngo, naisikia nikiwa jikoni na sufuria zinachemka. Mgeni anakishika bila kuelekezwa. Shaba huingia weusi haraka kwenye hewa ya chumvi. Nasugua kwa ndimu na chumvi, kisha nafuta kwa kitambaa kikavu.

Ninachokilalamikia ni skrubu nilizopewa: za chuma, fupi, na zilianza kutoa kutu mapema. Fundi akazing'oa na kuweka za shaba, ndefu zaidi. Kama unaagiza, ulizia skrubu mapema.

Ukienda kununua, beba sumaku. Ikinasa, hicho ni chuma kilichopakwa rangi. Isiponasa usishangilie bado, kwa maana aloi ya zinki nayo hainasi: geuza bamba, kwaruza kidogo nyuma, uone kama njano inaendelea hadi ndani.

Mwenye mlango wa mbao wa bawa moja anunue menbo bila wasiwasi. Vichwa vya wanyama huuzwa kwa jozi na hupendeza kwenye mlango wa mabawa mawili, sura mbili zikikutazama. Kwenye geti la bati jembamba aina zote mbili zinahitaji bolti ya kupita hadi upande wa pili, na kipande cha ubao nyuma yake.