Bawasiri ya ndani: sindano au pete ya mpira?

Bawasiri ya ndani inayovuja damu si lazima ikufikishe chumba cha upasuaji. Kuna njia mbili zinazofanyika kliniki, bila nusukaputi, na mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Sindano ndiyo kongwe. Ilitumika Dublin, Ireland, tangu 1869. Dawa iliyozoeleka ni fenoli ya asilimia 5 katika mafuta ya lozi. Huchomwa chini ya utando wa ndani wa njia ya haja kubwa, juu ya kinundu (uvimbe wa bawasiri), mahali pasiposikia maumivu makali. Tishu hukakamaa, mishipa husinyaa, damu hukoma. Mwenye mzio wa lozi au karanga aseme mapema! Kwa wanaume, sindano ikizama sana upande wa mbele inaweza kudhuru tezi dume, kwa hiyo mkono wa daktari mzoefu ni muhimu.

Pete ya mpira hukaba shina la kinundu, kikanyauka na kudondoka chenyewe baada ya siku kadhaa. Hubana na kuuma zaidi siku za mwanzo, na kinapodondoka damu inaweza kutoka nyingi.

Kwa kinundu kinachotokeza wakati wa haja kubwa, ningechagua pete, kwa sababu baada ya sindano tatizo hurudi mara nyingi zaidi. Ila anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kwake sindano ndiyo yenye hatari ndogo. Bawasiri ya nje haitibiwi kwa yoyote kati ya hizi: sehemu hiyo ina hisia kali mno.