Kiunzi cha kukuzia tishu: kolajeni au polikaprolaktoni?

Kiunzi ni fremu yenye matundu inayopandwa seli na kuwekwa mwilini ili tishu mpya ikue juu yake. Seli zikipandwa kwenye kolajeni hushika upesi, maana ndiyo protini inayozizunguka mwilini na zina vipokezi vya kuitambua. Baada ya saa chache tu, kwenye hadubini utaziona zimejinyoosha na kutanda. Inapendeza kweli. Tatizo ni ulegevu: ishike kwa kibanio ikiwa imelowa, itabonyea. Vimeng'enya vya mwili navyo vinaweza kuimaliza kabla tishu mpya haijakomaa.

Polikaprolaktoni ni plastiki ya kutengenezwa. Huyeyuka kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi, kwa hiyo printa ya 3D huipanga uzi juu ya uzi, nawe unaamua ukubwa wa matundu ambamo mishipa ya damu itapenya. Mwilini hudumu miaka 2 hadi 4, maji yakiivunja polepole. Ila yenyewe haipendi maji, na seli husita kuishika mpaka uso wake uandaliwe kwanza.

Kwa ngozi, nachagua kolajeni bila kusita. Kwa mfupa unaobeba uzito, polikaprolaktoni, tena ikiwa imepakwa kolajeni.