Pampu ya vakyumu ya umeme kwenye Peugeot 504 yangu

Nilikuwa nateremka kuingia feri ya Likoni, tuktuk mbele yangu. Breki ya kwanza ilishika. Ya pili, pedali ikawa ngumu na gari likaendelea kuteleza. Hendibreki ndiyo iliyoniokoa.

Gari hili halikuwa na tatizo la breki mpaka nilipoweka kamshafti ya mbio, yaani mhimili unaofungua vali za injini. Kamshafti hiyo huacha vali za kuingiza na za kutoa hewa zikiwa wazi kwa pamoja muda mrefu zaidi. Ukikanyaga mafuta gari linachomoka vizuri sana, lakini injini ikizunguka tu bila kukanyagwa mafuta, manifoldi (bomba la kuingiza hewa kwenye injini) hainyonyi ipasavyo, na busta ya breki, ile inayousaidia mguu kusukuma pedali, hutegemea mnyonyo huo, yaani vakyumu. Fundi aliyeiweka hakunieleza hayo, kisha akaniuzia busta mpya. Bado inaniuma, maana haikubadilisha chochote.

Kijana mmoja wa Shimanzi alichomeka geji kwenye manifoldi: inchi 9 za zebaki, ndicho kipimo cha mnyonyo. Injini ya kawaida hapa pwani husoma 18 hadi 20. "Ami, busta hii ni nzima," akasema. "Inakosa pumzi tu."

Tulijaribu kwanza tangi la akiba lenye vali ya njia moja. Ni rahisi, ila tangi huhifadhi kile injini inachonyonya. Likilishwa 9, litatoa hiyo 9. Foleni ya Makupa ililimaliza mara moja.

Ndipo tukafunga pampu ya umeme, mtumba uliotoka kwenye gari la Ulaya, na swichi inayoiwasha vakyumu ikishuka hadi 15 na kuizima ikifika 20. Ina rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) na fyuzi yake, waya moja kwa moja kutoka betri. Tangi tuliliacha mahali pake: pampu ikikatika, nabaki na breki kama mbili za kusimamia kando.

Kasoro zipo. Ilifungwa moja kwa moja kwenye bodi, gari zima likawa linavuma. Tukaweka raba chini yake. Pia fundi alianza na mpira wa petroli, ukajibana kwa kunyonywa. Dai mpira mnene wa vakyumu, usikubali mwingine.

Kilichonishangaza ni safari ya Nairobi. Kule juu, zaidi ya mita 1,600, hewa ni nyepesi na pampu haikuweza kufika 20, kwa hivyo ilizunguka bila kupumzika mpaka ikawa moto. Breki zenyewe zilikuwa laini njia nzima, hata katikati ya malori ya Mariakani. Niliporudi tulishusha swichi izime kwenye 16. Pedali haijabadilika, na pampu sasa huwaka sekunde chache tu baada ya kila breki.