Masomo sita ya gofu na mpini wa fimbo nyongani

Naandika nikiwa bado na hasira, na sitaki zipoe kabla sijamaliza.

Nilinunua masomo sita kwa kocha wa uwanja wa mazoezi ninaoutumia. Siku ya kwanza, kabla hata sijashika fimbo, nilimweleza tatizo langu. Nikipandisha fimbo najiona niko sawa. Nikianza kuishusha, mwili unanyanyuka, mgongo unanyooka, nyonga zinausogelea mpira, mikono inakosa pa kupita. Hapo mpira unagonga kwenye kisigino cha fimbo, pale kichwa chake kinapoungana na mpini, na kukimbilia kulia. Siku nyingine naupiga kichwani ukatambaa kwenye nyasi, siku nyingine nakita ardhi kwanza. Nimeishi na ugonjwa huu miaka, nikaona sasa nimtafute mtu anayeujua. Nikamwambia pia kwamba mgongo wangu wa chini unauma nikicheza muda mrefu. Akaitikia kwa kichwa. Hakuniuliza swali hata moja.

Masomo matatu ya mwanzo yalikuwa maneno mawili tu: "Hamisha uzito!" Nikikosea, hamisha uzito. Nikipatia kwa bahati, unaona, umehamisha uzito. Kuhamisha kutoka wapi kwenda wapi, kwa kutumia kiungo gani, wakati gani, hakusema. Alipenda kumtaja Ben Hogan, kwamba mchezaji huyo wa zamani wa Marekani, bingwa mara nne wa U.S. Open, mashindano makubwa ya gofu ya huko, alianza kushusha fimbo kwa nyonga, si kwa mikono. Ni kweli, Hogan alifundisha hivyo. Lakini mwanafunzi ambaye nyonga zake tayari zinakimbilia mpira, ukimwambia aanze na nyonga bila kumwambia zielekee wapi, umemwongezea ugonjwa. Mimi nilianza na nyonga kwa utiifu wote, na mipira ikazidi kwenda kulia.

Sasa nifike kwenye somo la nne, maana ndilo lililonifanya niandike.

Nilikuwa nimeshapiga mipira kama 30 na aiani namba 7, fimbo ya chuma ya umbali wa kati. Yeye alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yangu na simu yake. Ghafla akainuka, akachomoa fimbo kwenye begi langu, akaigeuza, na wakati mikono yangu iko juu kabisa akanichokoa nyonga ya kulia kwa mpini. Hakuniomba ruhusa, hakunionya. "Sogea, mama! Uzito, mama, uzito!" Nikapiga ovyo. Nikapanga mpira mwingine, akanichokoa tena. Wa tatu, tena, mara hii kwa nguvu zaidi, na watu wawili waliokuwa wakifanya mazoezi jirani wakageuka kutazama.

Anayeswaga ng'ombe ndiye anayechokoa hivyo. Nikaweka fimbo chini nikamwambia, "Mwanangu, mimi ni sawa na mama yako. Ukitaka kunigusa, niombe kwanza." Akacheka. Akasema, "Mama, kwa umri wako mwili lazima usukumwe kidogo."

Kwa umri wangu! Bado nayasikia maneno hayo kila nikifungua zipu ya begi. Nilimaliza dakika zilizobaki kwa sababu nilikuwa nimelipa, lakini sikumbuki mpira hata mmoja niliopiga baada ya hapo. Laiti ningeandika siku ile, ningempa nyota moja na ningetamani pasiwe hata na hiyo.

Nilirudi kwa somo la tano nikiwa nimeshajiandaa kugombana. Yeye naye nadhani alikuwa amenichoka. Hakunisalimu vizuri. Akalichukua begi langu, akalisimamisha nyuma yangu likagusa makalio, akasema, "Makalio yasiachane na begi mpaka umalize. Piga." Kisha akaondoka kwenda kuongea na simu yake mbali kule.

Nikabaki peke yangu na begi.

Nikiwa nimesimama tayari, makalio yote mawili yaligusa begi kidogo. Nilipopandisha fimbo, kalio la kulia likaegemea zaidi, vizuri. Niliposhusha, sikusikia chochote nyuma yangu. Nikajaribu tena. Hewa tupu. Mara tano mfululizo, nafika kwenye mpira begi liko mbali na mimi, nimesimama wima kama mtu aliyeitwa jina. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo niliusikia ugonjwa wangu mwilini badala ya kuelezwa na mtu. Uzito wangu siku zote ulikuwa unahama, tena sana. Ulikuwa unahamia vidoleni, kuelekea mpira, badala ya kuhamia mguu wa kushoto.

Jaribio la sita sikuharakisha. Nilipokuwa karibu kufika juu, mikono bado inapanda, nikakanyaga mguu wa kushoto, nikasikia kisigino kikishika chini. Kalio la kushoto likarudi nyuma likagonga begi, puu, begi likayumba. Kifua changu bado kilikuwa kinatazama chini. Mikono ikapita mbele ya mapaja na nafasi ikabaki. Mlio ulikuwa mmoja mkavu, na mpira ukaondoka katikati ya uso wa fimbo, ukapanda, ukanyooka. Nilimaliza nimesimama juu ya mguu wa kushoto, mguu wa kulia umegusa chini kwa ncha ya kiatu tu. Nikageuka kumtafuta kocha aone. Alikuwa amenipa mgongo.

Hapa ndipo roho yangu inapogawanyika. Zoezi lile moja limenifaa kuliko miaka yote ya kusoma na kuuliza watu. Siwezi kulikana. Kwa anayeteseka kama mimi nalieleza bure: simama na makalio yakigusa ukuta, mikono ukiikunja kifuani, bila fimbo. Inama kutoka kwenye viungo vya nyonga, si kwa kupinda mgongo, na uzito ukae katikati ya unyayo. Ukianza na uzito vidoleni umeshashindwa, kwa sababu fimbo ikishuka kwa kasi inauvuta mwili kuelekea mpira, na mwili hauna njia ya kujizuia isipokuwa kunyanyuka. Geuka kama unapandisha fimbo, kalio la kulia likae ukutani. Kisha kalio la kushoto lipokee kazi, na usiuache ukuta. Ili kalio la kushoto lirudi nyuma, lazima ukanyage kisigino cha kushoto. Basi uzito umehama wenyewe. Nilidhani nina magonjwa mawili, mkao na uzito, kumbe ni mmoja. Lingine ni goti la kushoto: liache lipinde kidogo unapoanza kushuka, ndipo linyooke unapofika kwenye mpira, maana kunyooka kwake ndiko kunakoisukuma nyonga nyuma. Nimetazama picha za zamani za Sam Snead, yule mwenye ushindi mara 82 kwenye PGA Tour, mfululizo wa mashindano ya wacheza gofu wa kulipwa wa Marekani. Anapoanza kushusha, magoti yake yameachana kama mtu anayetaka kukaa kwenye kigoda, kisha anasimama kutoka hapo. Mimi nilikuwa nasimama bila kukaa kwanza.

Nimefanya zoezi la ukuta kila jioni kwa majuma kadhaa. Nikaenda kwenye nyasi za kweli, maana masomo yote tulifanyia juu ya zulia, na zulia linadanganya: ukikita nyuma ya mpira fimbo inateleza na mpira unaondoka kama vile umepatia. Nyasi hazina huruma hiyo. Zamani kovu langu la nyasi, yaani pale fimbo inapochimba ardhi, lilikuwa linaanza upana wa kiganja kizima nyuma ya mpira. Siku ile nilichora mstari ardhini kwa rangi nyeupe, nikapiga mpira mmoja mmoja juu ya mstari, kisha nikachuchumaa kuangalia. Makovu saba kati ya kumi yalianzia kwenye mstari au mbele yake. Niligusa udongo kwa vidole kuhakikisha. Mgongo haukuniuma jioni ile wala kesho yake.

Kwa hiyo nikajiambia, labda nimemwonea. Labda ndivyo alivyofundishwa yeye, kwa kusukumwa, na hajui njia nyingine. Macho yake yaliona tatizo sawasawa, kwa sababu huwezi kuweka begi pale usipojua nyonga zinakwenda wapi. Nikawa tayari kumpa nyota tatu, na moja ya ziada kwa ajili ya begi.

Lakini kadiri ninavyofikiri, hilo ndilo linalonichoma zaidi. Alijua. Kama alijua somo la tano, alijua la kwanza, maana swingi yangu, yaani namna ninavyozungusha fimbo, haikubadilika katikati. Begi lilikuwepo pale tangu siku ya kwanza, limesimama hatua mbili kutoka nilipokuwa natoka jasho. Alikuwa na dawa mkononi, na badala ya kunipa alinipigia kelele masomo matatu na kunichokoa kwa mpini somo la nne, kisha akaitoa siku aliyotaka kuniondoa mbele ya macho yake aendelee na simu. Mwalimu anayejali angeanza na begi, akakaa pembeni, akasubiri lile puu la kwanza, tukafurahi wote wawili.

Mwenzangu, kama unafikiria kwenda kwa kocha, muulize swali moja kabla ya kulipa: uzito uhamie wapi? Akijibu "kushoto" tu, endelea kumuuliza. Akutajie kisigino, akutajie nyonga inakwenda upande gani, akuambie ni kabla mikono haijamaliza kupanda au baada. Na akitaka kukugusa, akuombe.

Somo la sita sijaenda kulichukua. Nilikuwa nimeshaamua nyota mbili, ya pili kwa ajili ya begi, na nilitaka kuishia hapo. Juzi nilikuwa pale uwanjani napiga peke yangu, naye akapita nyuma yangu. Akasimama. Nikapiga, mpira ukaenda nilikotaka. Nikapiga mwingine, ukafuata njia ile ile. Nilimsubiri aseme neno, nakiri, nilitaka aone.

Akasema, "Unaona, mama? Si nilikwambia uhamishe uzito?"

Akaenda zake na simu sikioni. Ile nyota ya pili naiondoa.