Fangasi wa kucha za miguu: nilivyotumia nyumbani na kilichonisaidia

Siki, kitunguu saumu, mwarobaini, Vicks, mafuta ya tea tree: vyote nimevijaribu kwenye kucha za miguu yangu, na kilicholeta mabadiliko ya kweli ni msasa. Dawa yoyote, iwe ya duka la dawa au ya jikoni, ukiipaka juu ya ukucha mnene inaishia hapo juu. Fangasi wenyewe wako chini, kwenye nyama iliyobeba ukucha.

Mimi ni mchuuzi wa samaki pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Anayepajua anaelewa kwamba sakafu ile haikauki. Barafu inayeyuka, maji ya kuoshea sangara yanatiririka, na sisi tumo ndani ya mabuti tangu alfajiri. Kucha hizi tunazo wengi, wanaume kwa wanawake, ila akina mama tunazifunika kwa rangi basi hazionekani. Zangu zilianza pembeni kwa doa la njano, kisha ukucha wa kidole gumba ukaongezeka unene, ukainuka, na chini yake ukajaa ungaunga wenye harufu.

Kabla ya kununua chochote nilikwenda hospitali kupima. Maabara walikwangua ule unga, wakautia kemikali, wakauangalia kwenye hadubini, wakasema ni fangasi. Nawaomba sana hatua hii msiiruke. Takriban nusu ya kucha zilizoharibika namna hii si za fangasi; nyingine ni psoriasisi, ugonjwa wa ngozi usioambukiza, nyingine ni za kuumia au kubanwa na kiatu miaka nenda rudi. Hizo utapaka hadi uchoke.

Sasa dawa zenyewe.

Siki niliianza kwa ushauri wa shangazi yangu wa Ukerewe, ambaye huiamini kwa kila kitu. Unachanganya kikombe kimoja cha siki na viwili vya maji ya uvuguvugu, unaloweka miguu robo saa, unaikausha vizuri. Harufu ya miguu iliisha kabisa, na hilo kwa mtu anayevaa mabuti si jambo dogo. Ila kwenye ukucha sikuona kitu. Mwarobaini hali kadhalika: ngozi ilitulia, ukucha ulibaki vilevile. Kitunguu saumu kibichi sikipendekezi. Mwenzangu mmoja alikifunga kwenye kidole usiku kucha, asubuhi akaamka na malengelenge, na wiki ile hakuweza kuvaa buti. Kuna na wanaoloweka miguu kwenye Jik. Jamani, hiyo inaunguza ngozi, na ngozi iliyochubuka ni mlango wa vijidudu vingine.

Vicks ndiyo dawa ya bei nafuu iliyonishangaza. Kopo dogo halifikii bei ya kilo ya sangara na linakaa muda mrefu. Ndani yake kuna mentholi, kafuri, mafuta ya mkaratusi na kiasi kidogo cha thaimoli. Mwaka 2011 huko Marekani ulichapishwa utafiti mdogo wa watu 18 walioipaka kwenye kucha kwa wiki 48. Watu 5 walipona kabisa, 10 walipata nafuu, 3 hawakubadilika. Watu 18 ni wachache, wala hapakuwa na kundi la kulinganisha, lakini walau unajua hujidanganyi peke yako.

Tea tree ni mafuta ya mti wa Australia, hayahusiani na majani yetu ya chai. Chupa ni ndogo na bei imechangamka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 uliwafuata wagonjwa 117 kwa miezi 6: wengine walipaka mafuta haya yasiyochanganywa, wengine krimu ya klotrimazoli, dawa ya fangasi ya duka la dawa. Vipimo vya maabara vilionyesha fangasi wameisha kwa asilimia 18 ya waliotumia mafuta na asilimia 11 ya waliotumia krimu, na pande zote mbili karibu asilimia 60 kucha zao zilikuwa na unafuu. Mimi yaliniwasha kwenye ngozi ya pembeni, nikarudi kwenye Vicks, na sikuona nimepoteza chochote.

Msasa ndio wa kuuzungumzia kwa kirefu. Nilitumia krimu ya urea yenye nguvu ya asilimia 40, ile inayolainisha ukucha mgonjwa. Jioni napaka juu ya ukucha tu, pembeni kwenye ngozi nazungushia Vaseline isiunguzwe, nafunga plasta, nalala. Baada ya siku kadhaa ukucha unakuwa laini, unabonyea ukiukandamiza kwa kidole. Hapo naloweka mguu kwenye maji ya vuguvugu, nausugua kwa msasa wa kucha, taratibu, kuelekea mbele. Unatoka unga wa njano unaonuka. Sehemu iliyoinuka naikata kwa mkasi wa kucha kipande kwa kipande, hadi pale inaposhikana na nyama, bila kuchimba. Ukiona uwekundu au ukasikia maumivu, simama. Nikimaliza, nakausha na kupaka Vicks. Kutoka hapo ni Vicks kila siku, msasa mara moja kwa wiki. Msasa ule ni wa miguu hiyo tu, haupiti kwenye kucha zenye afya wala kwa mtu mwingine.

Ukucha wa mguu unakua kama milimita moja na nusu kwa mwezi. Wa kidole gumba unahitaji mwaka hadi mwaka na nusu kujibadilisha wote, na ile sehemu iliyokwisha kuharibika hairudi kuwa nzima. Inasukumwa mbele hadi unaikata. Kwa hiyo mimi nilikwaruza kialama kidogo kwa ncha ya msasa pale ukucha safi unapokutana na wa njano. Mstari ukisonga pamoja na alama, na nyuma yake kumebaki rangi ya waridi, dawa inafanya kazi. Njano ikiipita alama kurudi kwenye shina, badili mpango. Kialama hicho kilinipa moyo kuliko kioo chochote.

Viatu navyo vinataka kutibiwa. Nilinunua jozi ya pili ya mabuti, moja inavaliwa na nyingine imepinduliwa juani. Soksi ni za pamba, nabeba za kubadilisha. Na katikati ya vidole nilipaka krimu ya klotrimazoli hadi ngozi ilipona na ikapita wiki kadhaa, maana fangasi wanaokula kucha, hasa Trichophyton rubrum, ndio haohao wanaochubua ngozi ya vidole. Usipowatoa huko, wanarudi kwenye ukucha. Wale vijana wanaopita na vikapu kutusafisha miguu na kupaka rangi nawapenda, wanatafuta riziki kihalali, lakini sasa wananihudumia kwa vifaa vyangu mwenyewe.

Matokeo: kucha ndogo zote zimetoka safi. Kidole gumba cha kulia kimebakiza ukingo mwembamba mbele. Cha kushoto kilikataa. Njano ilishafika kwenye shina, na daktari akaniambia ukucha wa namna hiyo hautibiki kwa kupaka peke yake. Akaniandikia vidonge vya terbinafini, miligramu 250 kwa siku kwa wiki 12, na kabla ya kuanza akapima ini, kwa kuwa dawa hii inaweza kulidhuru. Sijutii kwenda. Kwa ukucha ulioliwa wote, vidonge vina nguvu kuliko chochote cha nyumbani, na anayekwambia vinginevyo anauza kitu.

Mwenye kisukari, mwenye miguu inayokufa ganzi au isiyopata damu vizuri, asijisugue nyumbani hata kidogo. Kidonda kidogo kwake kinaweza kumgharimu mguu. Na kopo la Vicks liwekwe mbali na watoto wadogo. Kafuri ikimezwa ni sumu.

Kwa wanaouliza krimu ya urea: maduka madogo mengi ya dawa yana ile ya asilimia 10, ya kulainisha ngozi kavu, ambayo kwa ukucha haitoshi. Ulizia maduka makubwa ya katikati ya mji, soma namba kwenye tyubu, na kama haipo waombe wakuagizie. Yangu niliisubiri, na tyubu moja imenitosha kwa kucha zote.