Golf 7 iliyotumika: uzoefu wangu wa kuikagua kabla ya kuinunua Nairobi

Tangu ninunue Volkswagen Golf, watu wengi huniuliza kama magari madogo ya Ulaya hudumu katika barabara zetu. Mimi naona swali hilo ni pana mno kuweza kumsaidia mnunuzi. Golf mbili zilizoegeshwa pamoja katika yadi, zikiwa na rangi moja na bei inayokaribiana, zinaweza kuwa na injini zisizofanana na historia zisizokutana hata kidogo, na jina lililo mbele ya boneti halitakueleza lolote kati ya hayo. Kinachofaa kuulizwa ni hili gari lina injini gani, lina gia boksi gani, na nani amelitunza.

Nilianza na injini. Golf 6, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2008, ililetwa sana kutoka Japani ikiwa na injini za TSI, yaani za petroli zenye tabo, za lita 1.2 na 1.4 za familia ya EA111, ambazo taimingi yake, yaani mpangilio wa kufungua na kufunga vali, huendeshwa na mnyororo. Mnyororo huo, pamoja na kikazio chake, ndio udhaifu unaojulikana zaidi wa injini hizo: ukilegea, injini hugonga kwa sekunde chache inapowashwa ikiwa baridi, na ukiruka meno, vali hukutana na pistoni na injini huharibika. Ile ya lita 1.4 yenye nguvu za farasi 160, inayotumia tabo pamoja na kompresa ya kuzungushwa na mkanda, ina sifa nyingine ya kusikitisha, nayo ni kupasuka kwa pistoni sehemu inayoshika ringi. Golf 7, iliyotoka mwaka 2012, ilikuja na familia mpya ya EA211, inayotumia mkanda badala ya mnyororo. Kwa sababu hiyo niliamua mapema kwamba nitatafuta Golf 7 ya lita 1.2 yenye nguvu za farasi 105, na sikushawishika kuangalia Golf 6 hata bei yake ilipopendeza.

Tangazo la muuzaji halitoshi kukuhakikishia unachokiona. Soma namba ya chasisi wewe mwenyewe. Kwa magari haya huanza na WVWZZZ, kisha herufi ya saba na ya nane hutaja modeli, AU ikiwa Golf 7 na 1K ikiwa Golf 6, na alama ya kumi hutaja mwaka wa modeli: D ni 2013, E ni 2014, F ni 2015. Katika yadi moja nilionyeshwa gari lililotangazwa kuwa la 2015 ilhali chasisi yake ilikuwa na D. Muuzaji alisema ni kosa la uchapaji. Sikuendelea na mazungumzo, kwa kuwa mtu anayekosea miaka miwili kwa faida yake anaweza kukosea mengine pia.

Sehemu iliyonichukulia muda mwingi zaidi ni gia boksi, na ninaamini ndiyo inayostahili. Golf 7 ya lita 1.2 kutoka Japani ina DSG, yaani gia boksi ya Volkswagen inayojibadilisha yenyewe kwa klachi mbili, ya gia saba, inayoitwa DQ200, yenye klachi kavu zisizooga mafuta: moja inashika gia ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba, nyingine inashika ya pili, ya nne, ya sita na ya kurudi nyuma. Hii si otomatiki ya kawaida kama ya magari mengi ya Japani tuliyoyazoea. Ndani yake klachi hubanwa na kuachiwa na kitengo kiitwacho mekatroniki, chenye vali, pampu na kompyuta pamoja, na kitengo hicho kikifa gari husimama pale lilipo. Mnamo Novemba 2013 kampuni yenyewe ilitangaza kuyaita magari takriban milioni 1.6 duniani yenye gia boksi hii ili mafuta ya sintetiki yabadilishwe na kuwekwa ya madini, kwa kuwa katika nchi za joto yale ya awali yangeweza kusababisha hitilafu ya umeme ndani yake. Kwa anayenunua gari la 2012 au 2013 hilo ni swali la kuuliza moja kwa moja: je, kazi hiyo ilifanywa, na ushahidi uko wapi?

Kuijaribu kunahitaji subira. Kuzunguka mtaa mara moja, jinsi wauzaji wanavyopenda, hakuonyeshi chochote, maana klachi kavu hujieleza zikipata moto. Niliomba kuliendesha gari saa za jioni kwenye foleni ya Waiyaki Way, nikaliacha litambae kwa kuachia breki kidogo kidogo, nikisikiliza kama linatetemeka linapotoka gia ya kwanza kwenda ya pili. Kisha nilitafuta mteremko nikalirudisha nyuma kuelekea juu polepole, jaribio linaloichosha klachi ya pili kuliko yote. Baadaye niliweka mkono wa gia upande wa kubadilisha mwenyewe nikapanda gia moja moja hadi ya saba na kushuka tena, kwa sababu gia zote za upande mmoja zikigoma huku za upande wa pili zikiingia vizuri, tayari umejua tatizo liko wapi. Gari nililolinunua halikutetemeka, na alama ya spana kwenye dashibodi haikuwaka.

Injini nayo lazima ikutwe baridi. Fundi niliyeambatana naye alikuwa na desturi ya kugusa boneti na bomba la moshi kabla ya kusema neno lolote. Mahali tulipokuta joto aliniambia, "Dada, tusiwashe, turudi kesho asubuhi," na tulirudi. Katika EA211 aliangalia hasa pampu ya maji, ambayo iko upande wa gia boksi ndani ya kifuniko kimoja cha plastiki na themostati na inaendeshwa na mkanda wake mdogo. Ikivuja huacha ukoko wa rangi ya waridi, na ukoko huo ni rahisi kuupangusa siku ya mauzo, kwa hiyo alimulika kwa tochi hadi kwenye pembe ambazo kitambaa hakifiki. Aliangalia pia rangi ya kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, kwenye chupa. Kulanti iliyopauka kama maji ya bomba ni dalili kwamba mwenye gari amekuwa akijaza maji matupu, na mtu wa namna hiyo mara nyingi hakujali hata aina ya oili, ilhali injini hizi za petroli zinataka oili yenye kibali cha VW 502 00 au 504 00.

Kuhusu kilomita, sikuzitegemea namba za dashibodi peke yake. Tulipima gari kwa mashine inayosoma kompyuta zote za Volkswagen, kwa kuwa mashine za bei nafuu husoma injini peke yake na kuiacha gia boksi bila kuguswa. Faida kubwa ya kipimo hicho ni kwamba kosa linapohifadhiwa, kompyuta nyingi huhifadhi pia kilomita za wakati lilipotokea. Kosa la zamani likiwa na kilomita nyingi kuliko zinazoonekana mbele ya usukani, mita imerudishwa nyuma, na hapo hakuna cha kujadili. Vilevile usifurahi haraka ukiona hakuna kosa hata moja. Katika yadi nyingine, ambayo sitaitaja, tulikuta kumbukumbu imefutwa na vipimo vya ndani vya injini vikionyesha kuwa bado havijakamilika, jambo linalomaanisha kwamba kuna mtu aliyesafisha kompyuta muda mfupi kabla hatujafika. Nilisikitika, kwa sababu gari lenyewe lilionekana zuri, na pengine kosa lililofichwa lilikuwa dogo. Lakini aliyelificha alininyima nafasi ya kulijua.

Karatasi za Japani zinasaidia kuliko watu wanavyodhani. Karatasi ya mnada, ambayo gari hupewa linapouzwa mnadani Japani, hutaja daraja, kilomita na michoro ya mwili wa gari, ambapo R au RA humaanisha gari lilipata ajali likatengenezwa, W humaanisha sehemu iliyonyooshwa na XX sehemu iliyobadilishwa. Kitabu cha huduma, kikiwa bado kwenye kijidroo cha mbele, huandika tarehe na kilomita kwa tarakimu unazoweza kuzisoma hata bila kujua Kijapani. Miaka tu ndiyo inayochanganya, kwa kuwa mara nyingi hufuata kalenda yao ya kifalme: ongeza 1988 kwenye mwaka wa Heisei, kwa mfano Heisei 25 ni 2013. Kwa upande wa Kenya, ombi la taarifa za gari kupitia mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, lilinionyesha jina la mmiliki na kwamba gari halikuwa limewekwa rehani kwa mkopo.

Mwili na miguu vilikaguliwa kwa muda mfupi. Bushi za wishboni za mbele, yaani raba za mikono inayoshika magurudumu, zilikuwa zimechakaa, jambo la kawaida kwa gari lililopita matuta ya Nairobi, na nilipunguziwa bei kwa sababu hiyo. Toleo hili la lita 1.2 lina ekseli ya nyuma iliyo sahili, yenye vipuri vichache kuliko ile ya Highline, toleo la ngazi ya juu, na hilo nalihesabu kuwa faida.

Baada ya kulinunua nilibadilisha oili, plagi, bushi na kulanti yote kabla ya safari ndefu ya kwanza. Vipuri hivyo nilivipata Kirinyaga Road, ingawa nilipita maduka kadhaa nikilinganisha namba ya kipuri na ile ya chasisi, maana muuzaji wa vipuri akiambiwa "Golf" tu anaweza kukupa cha Golf 6. Gari ni tulivu barabarani, breki zake ni imara, na linapopanda kuelekea Limuru halihisi kuwa na injini ndogo kiasi hicho. Kwa mtu mwenye fundi anayeijua DSG na aliye tayari kulipia kipimo kabla ya kulipia gari, ninaipendekeza bila kusita. Kwa anayeishi mahali ambapo fundi wa karibu atajaza gia boksi hii mafuta ya otomatiki ya kawaida, ningemshauri atafute yenye gia za mkono au achague gari jingine.